Taja Hali Yako Kwanza

Jumatatu, 4 Machi

Chumba cha mbele kiko wazi! Mwenzetu aliyekuwa akikaa humo ameacha kazi hii na kufungua saluni, na sisi tuliobaki tunakikodolea macho. Kina dirisha kubwa, bafu lake lenyewe na mlango usiolia. Changu kiko nyuma, kimeshikana na jiko. Mteja wangu akivua shati, analivaa tena likinuka vitunguu. Dada Mkubwa, anayesimamia nyumba yetu, amesema chumba atapewa yule ambaye wateja wake wanatoka bila lalamiko. Tunaowania ni wawili, mimi na Mpole. Yaani niko peke yangu.

Tatizo ni moja. Niko kwenye siku zangu tangu jana. Na sheria ya nyumba inasema: mteja akipiga simu, taja hali yako kwanza, kabla hajatoka kwake. Uko mwezini, sema. Unauguza kitu, sema, na useme unachoweza na usichoweza. Kisha mwachie aamue mwenyewe. Dada Mkubwa anairudia kila asubuhi kama tangazo la redio.

Mimi naona ni mtego. Ukitaja, mteja anaahirisha. Akiahirisha, anamkumbuka mwingine. Mwingine ni Mpole. Kwa hiyo Mwalimu alipopiga simu, sikutaja kitu. Mwalimu anafundisha watu kuendesha gari. Ndiye mteja wangu bora: mstaarabu, kucha safi, ananiita Bibie. Nikatandika shuka jeusi, nikafunga pazia, nikawasha ile taa ndogo. Mpango umekamilika.

Akagundua. Hakufoka. Alikaa ukingoni mwa kitanda akavaa soksi taratibu, akasema amelelewa na dada zake watano na damu haimtishi hata kidogo. Kinachomuudhi ni kutoambiwa. Mwanafunzi wake akiwa na kizunguzungu humwambia kabla ya kuwasha gari, si wakiwa katikati ya barabara. Halafu akatoka. Kwenye korido nikamsikia Dada Mkubwa akimuuliza kama ameridhika. Mwalimu akajibu kwamba anawahi kazini.

Nani alimwambia Dada Mkubwa asimame pale wakati ule ule? Namshuku Mpole.

Jumanne, 5 Machi

Ukuta kati ya chumba changu na cha Mpole ni wa mbao. Ukiweka bilauri na sikio, unasikia hata akimeza mate. Leo alipigiwa simu na Fundi Miwani, yule anayekaza fremu za watu pale kona. Mpole akamwambia wazi kwamba ameanza asubuhi, tumbo linamkata, na leo hawezi zaidi ya kumkanda mabega na kupiga soga. Kama hilo halimfai, aje wiki ijayo, hakuna kinyongo. Nilicheka ndani ya mto. Msichana amejimaliza kwa mdomo wake mwenyewe.

Fundi Miwani akaja! Tena na zawadi, chupa ya mpira ya kutia maji moto. Wakacheka humo ndani mpaka nikachoka kushika bilauri. Wakati wa kutoka akamwambia Dada Mkubwa kwamba hajaona mtu mnyoofu kama Mpole.

Nimewaza sana. Kwanza, mtu anayekatwa na tumbo hacheki hivyo. Pili, jioni Mpole aliniletea pakiti ya pedi, akasema amenunua mbili kwa sababu aliona zangu zimekwisha. Kwa nini anaangalia zangu? Nilizipokea, lakini niliikagua pakiti kama imefunguliwa. Haikufunguliwa. Hilo nalo linatia shaka.

Sasa nimemwelewa. Kutaja hali ni chambo! Mwanamume akiambiwa jambo la ndani anajiona mtu wa ndani. Basi kama Mpole anataja kidogo, mimi nitataja mpaka wachoke.

Ijumaa, 8 Machi

Siku zangu zimekwisha. Mwili mwepesi, uso unang'aa. Wakati mzuri wa kutangaza kwamba niko mwezini.

Nilimpigia Mwalimu mwenyewe, sauti nimeilegeza. Nikamwomba radhi kwa mambo ya Jumatatu, nikasema kuanzia leo simfichi kitu. Niko mwezini, na safari hii ni balaa. Kiuno kinawaka moto, miguu inakufa ganzi, kichwa kinazunguka. Akauliza kama ni ile ile ya Jumatatu. Nikasema yangu huwa haina haraka. Akanishauri nimwone daktari, akanishukuru kwa kumwambia, na mchana akaja na tangawizi. Akakaa kwenye kiti na kunifundisha nani anampisha nani kwenye mzunguko wa barabara, akitumia makopo yangu ya mafuta. Mimi nilikuwa kopo la poda, na kila mara nilikosea. Alitoka akimwambia Dada Mkubwa kwamba leo amefurahi. Ushindi!

Ushindi ulidumu mpaka chai. Fundi Bomba, mteja wangu mwingine, alipiga simu akitaka kuja, na Dada Mkubwa akaipokea yeye. Akamwambia mimi ni mgonjwa, habari kaipata kwa Mwalimu. Kisha akaja chumbani na blanketi, akasema sifanyi kazi mpaka damu ikome. Nikasema imekoma. Akauliza tangu lini. Nikasema sasa hivi. Akanishika paji la uso, akaondoka akitikisa kichwa.

Nimelazwa, mzima wa afya, mwenzangu anafanya kazi. Mpole kaniletea supu na kukaa mpaka nimeimaliza. Nilimtazama machoni kila kijiko. Anajua anachokifanya yule.

Jumapili, 10 Machi

Mwezi una kikomo, huwezi kuuvuta milele. Kupona ndiko kunakodumu. Mtu anaweza kupona hata mwaka mzima, na watu wakazidi kumheshimu. Nikajibandika plasta kubwa tumboni, na kushika simu.

Mwalimu nilimwambia kwamba daktari kagundua chanzo cha kizunguzungu: nimepasuliwa tumbo, upasuaji mdogo, naweza kuzungumza tu. Fundi Bomba nilimwambia goti, maana ya tumbo nilikwisha kuichoka. Wote wawili walishtuka. Wote wawili walinishukuru. Nikajiona na funguo za chumba cha mbele mkononi.

Sikutegemea kwamba wangekuja kunitazama. Tena saa ile ile! Nikawasikia sebuleni, wamekaa kwenye benchi moja. Mwalimu akasema anahuzunika kwa ajili ya tumbo langu. Fundi Bomba akasema tumbo hajui, yeye amekuja kwa ajili ya goti. Fundi Miwani, aliyekuwa akimsubiri Mpole na hakuna aliyemuuliza, akataka kujua ni hospitali gani hiyo inayopasua tumbo na goti kwa mkupuo.

Dada Mkubwa akamwita muuguzi, yule mama anayetupima kila mwezi. Muuguzi akafunga mlango, akabandua plasta, akaitazama ngozi yangu kwa makini. Akauliza nimepasuliwa upande gani. Nikasema kulia. Plasta ilikuwa kushoto. Akairudisha taratibu, akanifunika shuka, na huko nje nikamsikia akimwambia Dada Mkubwa kwamba katika miaka yake yote hajawahi kuona kidonda kilichopona vizuri namna hii.

Mwalimu alikuwa bado kwenye benchi. Aliacha mfuko wa machungwa mlangoni kwangu akaenda zake bila kubisha hodi.

Namba ya muuguzi iko kwenye simu ya Mpole. Sisemi zaidi.

Jumanne, 12 Machi

Kesho Dada Mkubwa anatangaza. Nikaona maneno yamekwisha, sasa ni vitendo. Mtu akishalala chumbani, kumtoa ni kazi. Wenzangu walipokwenda sokoni asubuhi nikakivuta kitanda changu mwenyewe koridoni mpaka mlango wa chumba cha mbele. Pale mguu wa kitanda ukanasa kizingitini. Nikainama nikanyanyua.

Mgongo ukalia. Nimeusikia kwa masikio yangu. Nikaanguka juu ya kitanda, nusu yangu ndani ya chumba cha mbele, nusu koridoni, siwezi kuinuka wala kugeuka. Nikakaa hivyo nikilitazama dari la chumba nilichokitaka. Lina ufa. Hakuna aliyewahi kuutaja.

Wakarudi. Dada Mkubwa akasimama na vikapu vyake, akauliza leo ni tumbo au goti. Nikasema mgongo. Akasema sawa, akaenda kupanga nyanya. Mpole peke yake ndiye aliyepiga magoti, akapenyeza vidole chini ya mgongo wangu polepole, na alipofika pale penyewe nikapiga ukelele. Akasema basi dada, nimeona, hii ni ya kweli. Alisema kana kwamba kuna zisizo za kweli!

Nikampigia Mwalimu. Nikamweleza yote jinsi yalivyo: mgongo umekaza, kazi siwezi, hata kukaa siwezi, ila ningependa aje akae tu karibu. Sikuongeza chumvi hata chembe. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza. Alisema kwa upole kwamba Jumatatu hakuambiwa kitu, Ijumaa aliambiwa mwezi, Jumapili aliambiwa tumbo, na sasa hajui ashike lipi, kwa hiyo atabaki nyumbani. Akanitakia nafuu, endapo naumwa.

Nililia. Si kwa ajili ya chumba. Nililia kwa sababu nilikuwa naumia kweli na hakuna aliyekuwa tayari kuamini, isipokuwa yule ninayemshuku. Na ukilia umelala chali, machozi yanaingia masikioni.

Jumatano, 13 Machi

Chumba amepewa Mpole. Dada Mkubwa alitangaza wakati wa chai, akinitazama mimi. Nililitegemea hilo, lakini roho iliuma vile vile.

Kisha likatokea la ajabu. Mpole akasema mimi ndiye nilale chumba cha mbele mpaka mgongo utengemae. Bafu liko karibu, na kitanda changu kimeshafika nusu. Yeye atavumilia vitunguu huko nyuma. Dada Mkubwa akamwambia ana moyo wa ajabu. Mimi nikauchunguza ule ukarimu kila upande, nikitafuta tundu. Sijaliona. Limefichwa vizuri.

Hayo hayakutosha. Mlango ukiwa wazi, nikamsikia akimpigia Mwalimu. Akamwambia amenishika mgongo kwa mikono yake mwenyewe, nimeumia kweli, ni mazungumzo tu na si zaidi, na uamuzi ni wake. Sentensi mbili tatu hivi, sauti ile ile ya kila siku. Chai yangu haijapoa, Mwalimu huyu hapa! Akaviringisha taulo akaniwekea chini ya magoti, akasema madereva wa safari ndefu hufanya hivyo. Hakuuliza habari za tumbo. Nilitaka kumwambia kitu kuhusu zile simu zangu, nikafungua kinywa, nikaishia kumwambia taulo liko sawa. Nikalala nimeshika mkono wa shati lake. Sijawahi kulala vizuri namna ile mchana.

Nilipoamka alikuwa ameondoka, na akili ilikuwa imefunguka. Nimekuwa mjinga! Nimepiga simu wiki nzima, nimetaja mwezi, tumbo na goti, sauti imenikauka, na hakuna aliyeamini. Mpole anafungua mdomo mara moja, mtu mzima anaacha gari na mwanafunzi ndani yake. Kumbe siri haikuwa kutaja hali. Siri ni mdomo wa anayetaja! Wanamwamini yeye, na mdomo huo uko chumba cha nyuma, bure, haufanyi kitu.

Fundi Bomba hajanipigia tangu Jumapili. Kesho nitamwita Mpole kwa sauti nzuri, nimwite mdogo wangu, nimwombe ampigie Fundi Bomba na kumwambia nimevunjika mguu. Safari hii nimejipanga. Nimeshachagua upande, wa kushoto. Kwa kuwa siwezi kuinama, nimemwomba Mpole anifunge kitambaa kwenye mguu huo nisije nikasahau. Amenifunga vizuri, hajakaza wala hajalegeza, na hakuuliza cha nini.

Kwa nini hakuuliza?