Mbogo Asipite Mabegani

Nyakabanda, Kigali
Juni 1990

Kwa Shemeji Nuhu,
Fundi wa Kujaza Wanyama,
Buyenzi, Bujumbura.

YAH: OMBI LA KUMKATA MBOGO WA MDOGO WAKO MABEGANI

Shemeji mheshimiwa,

Asalaam aleikum. Huku kwetu watu wote wazima, ila mimi nina jambo, na jambo lenyewe lina pembe.

Unajua kwamba mdogo wako Maneno, mume wangu, ameendesha gari la wawindaji tangu Swafiya wetu akiwa mgongoni. Amebeba wanyama wa watu mpaka kiuno kimelegea, na yeye mwenyewe hajawahi kupiga hata kanga. Alipostaafu, tajiri wake akamlipia kibali cha kuwinda mbogo mmoja, iwe zawadi ya kumuaga. Wengine hupewa saa ya ukutani. Mwezi uliopita Maneno akaenda Mutara, akampiga mbogo wake, akarudi anatembea kama prefe mkuu wa mkoa. Ngozi na pembe zikaletwa kwako kwa lori.

Sasa nasikia amekuomba umjaze mbogo huyo mzima mzima, kuanzia pua hadi mkia, na kwato zote nne. Nami nakuomba, kwa heshima zote, umkate mabegani, kichwa tukitundike ukutani kama wafanyavyo watu wenye akili zao. Wewe ndiye kaka mkubwa, na kisu kiko mkononi mwako. Ukishakata, Maneno atanuna wiki moja, kisha atakula. Sababu zangu ni hizi:

1. Nyumba yetu unaijua. Saloni ina kabati la vyombo, viti, meza na redio, na mtu mnene akiingia sharti mwembamba atoke. Maneno amepima kwa kamba, akagundua mbogo haenei. Mwingine angesema basi. Yeye amependekeza tutoboe ukuta wa chumba cha kulala, mbele ya mbogo ikae saloni na wageni, nyuma ikae chumbani na sisi. Shemeji, mimi niliolewa na mtu mmoja. Siwezi kufumbua macho alfajiri nikatazamana na makalio ya mbogo. Najua somo wako Nabii Nuhu aliingiza wanyama wazima, tena wawili wawili, lakini yeye alikuwa na safina.

2. Tunaswali palepale saloni. Mbogo akielekezwa kibla, amekuwa imamu wetu. Akigeuzwa, sisi tunasujudu na yeye anatukodolea macho mpaka tutoe salamu. Nilimwendea shehe wa mtaani nikamuuliza hukumu yake. Aliinamisha kichwa, akashika ndevu, akafikiri sana, kisha akauliza kama kuna nyama iliyobaki.

3. Swafiya anaposwa. Wakwe wanakuja mwezi ujao, wazee watupu, pamoja na shangazi yao ambaye nimeambiwa hukalia nafasi ya watu wawili. Watakaa wapi? Maneno anasema mgongo wa mbogo ni mpana na unaweza kuwekewa mto. Yewe! Hebu fikiria, familia ya kijana inaingia kuzungumzia ng'ombe wa mahari, na kitu cha kwanza wanachokiona ni hilo dubwana limesimama katikati ya nyumba. Si watadhani hicho ndicho kipimo? Watanong'onezana kwamba hawa watu wanataka ng'ombe wa namna hii, nasi tutawatoa wapi, na wataaga kabla Fanta hazijafunguliwa. Mwanangu atazeekea hapa akimpangusa mbogo vumbi.

4. Kuna na serikali. Responsabule wa seluli yetu, huyu mkubwa wa mtaa, ni mtu wa macho makali. Akimkuta mbogo mwenye mwili kamili ndani ya nyumba, amesimama kwa miguu yake mwenyewe, atauliza kwa nini mkazi huyu hajaandikwa na kwa nini haonekani kwenye umuganda, kazi ya wote ya siku ya Jumamosi. Kichwa peke yake hakishiki jembe, hilo linaeleweka kwa kila mtu. Lakini mwenye mabega kama yale nitamtetea vipi? Nitasema anaumwa?

5. Hapa naomba uketi, Shemeji.

Kwenye ukuta wa saloni kuna picha yangu, ile niliyopigwa studio mwaka tuliooana. Ni kichwa na mabega, basi. Nimemzalia watoto sita. Nimemngoja misimu yote ya uwindaji, nikifua nguo zinazonuka damu ya wanyama wa wenzake, nikimwekea chakula ambacho mara nyingi alikila kesho yake. Na ukutani ameniweka mpaka mabegani, tena katika fremu yenye kioo kilichopasuka siku alipokuwa akipiga msumari. Sikulalamika. Nilijua ndiyo desturi ya nyumba hii, kwamba ukipendwa, unaishia mabegani.

Leo mbogo ambaye hawakujuana hata nusu saa, ambaye hajawahi kumpikia hata chai, anawekwa mzima hadi kwato! Inaniuma. Nasema wazi, inaniuma. Kila jioni Maneno anaketi uani anawasimulia watu jinsi mbogo yule alivyokuwa mzuri, alivyosimama, alivyogeuza shingo. Mimi nikigeuza shingo, ananiuliza kama nimelala vibaya.

6. Ukimkubalia huyu, utawakubalia wote. Jirani yetu Léonce anataka umjazie jogoo wake akiwa anawika. Daphrose wa dukani ameshauliza kama unaweza kumjazia mama mkwe wake, Mungu amzidishie umri, siku yake ikifika. Anataka awe ameketi, ila mdomo ufungwe vizuri. Nimemwambia wewe ni mtu wa dini na hufanyi mambo hayo, lakini akasema ataandika mwenyewe. Usinilaumu ukipata barua yake.

Kwa hiyo, Shemeji, narudia ombi langu. Mkate mabegani, awe sawa na mimi. Tukae ukutani wawili tukitazamana kama wake wenza wenye adabu, ingawa mmoja wetu ni dume. Hapo nyumba itabaki nyumba, wakwe watapata pa kukaa, na mimi nitajua kwamba mume wangu hana anayempenda kunizidi kwato nne na mkia.

Msalimie sana mkeo, na watoto wote mmoja mmoja, na mama yetu mzee mwambie dawa yake ya miguu nimeipata. Msalimie hata yule chui wa mlangoni kwako aliyewahi kunitoa roho.

Ni mimi shemeji yako, mwenye matumaini na kisu chako,

Mama Swafiya

Nyongeza: Shemeji, nilikuwa nimeshafunga bahasha. Nimeifungua kwa mvuke wa chai.

Dereva wa basi la Bujumbura alichelewa kupitia barua, nikaona nifue koti la Maneno la porini. Ubavuni limechanika kutoka kwapani hadi mfukoni, na amelishona mwenyewe kwa uzi wa magunia. Mtu asiyejua kushona hata kifungo! Nikamwita. Nikamwambia avue shati, lile analolala nalo tangu arudi, ati baridi. Alikataa, nikalivua mwenyewe. Mama wee, ubavu wake! Wamemshona huko zahanati ya porini, na kovu ni refu kuliko mkono wangu.

Kumbe yale aliyowahadithia watu, kwamba alimpiga kwa mbali, risasi moja, mbogo akalala, ni uongo mtupu. Mbogo alimjia. Alimrusha juu, akageuka ammalize, na Maneno akampigia palepale chini alipoangukia. Nilipomuuliza kwa nini alinificha, alisema alijua nitalia. Basi nimelia, na yeye akalia, na Swafiya akaja akatukuta hivyo akadhani kuna msiba. Nikamuuliza kwa nini basi anamtaka mzima. Alisema mtu akiona kichwa tu hatajua yeye alitoka chini ya nini.

Usimkate, Shemeji. Mjaze mzima, kwato, mkia, kila kitu, na ukuta tutautoboa. Wakwe watakaa uani. Nataka asimame pale saloni, kila asubuhi nikiamka nimpite, nimguse, nihakikishe kwamba aliyekufa ni yeye.