Ngumi na Marahaba

Jumatatu, 14 Julai

Baridi asubuhi, vumbi mchana. Mpanda ni ileile. Mimi ndiye niliyebadilika. Kuanzia leo ni mtu mwenye mpango.

Mwalimu Dieudonne katangaza jioni, kwenye ghala la zamani la mahindi tunapofanyia mazoezi ya kungfu, kwamba Jumamosi atachagua msaidizi wake. Wiki hii tutafanya kazi wawili wawili. Hatua ya kwanza, anayeshambulia anataja mkono kisha anakuja polepole. Ya pili, anataja lakini anakuja kwa kasi. Ya tatu, hataji. Ya nne ni kupambana, kila mtu na akili yake. Akaongeza kwamba hatazami nani anampiga nani, anatazama nani anamwinua mwenzake. Walimu lazima waseme maneno kama hayo.

Usaidizi huo lazima niupate. Tatizo ni kwamba nilishamwambia Bibiana wa duka la dawa kuwa ninao. Ilinitoka tu, siku niliyokwenda kununua dawa ya kikohozi. Akanitazama vizuri sana! Leo kapita kibandani kwangu ninapotengeneza simu, kaniachia simu yake isiyotoa sauti, kasema Jumamosi atakuja kuniona nikifundisha. Anataka kujiunga, maana akifunga duka njia ya kwao ni giza tupu. Simu ina vumbi tu kwenye spika. Nimemwambia ni kazi ya wiki nzima, ili awe anapita.

Nampenda huyu dada. Nimeandika, basi.

Kassiani wa bodaboda alinifuata tuwe wawili. Mrefu, mpole, kila kitu anakijua. Nikamkwepa. Nikakimbilia kwa Bi Zubeda, muuza vitenge, rika la mama yangu, aliyejiunga baada ya kibaka kumpora mkoba. Akichuchumaa magoti yanalia. Safi kabisa.

Jumanne, 15 Julai

Hatua ya kwanza. Bi Zubeda akasema anakuja na mkono wa kulia, akaja nao, polepole, mpaka mwisho. Nikazuia. Akasema kushoto, ikawa kushoto. Hana ujanja hata chembe. Nilimwonea huruma.

Zamu yangu. Nikasema kulia, nikapeleka kushoto. Ikampata begani. Akili hiyo!

Mwalimu hakuiona akili. Kanirusha kichurachura kuzunguka ghala zima, wenzangu wakitazama. Nilipomaliza, Bi Zubeda akanivuta pembeni, akaniuliza kwa upole kama huwa nachanganya kulia na kushoto. Akasema mwanawe wa pili alikuwa hivyo hivyo, wakamfunga uzi mkononi akapona. Kesho ataniletea uzi.

Jumatano, 16 Julai

Uzi ameleta. Mwekundu. Ninao mkononi, ningekataaje?

Hatua ya pili. Sikujua kwamba mtu anayeshinda akibeba marobota ya vitenge ana mikono ya namna ile. Alitaja kulia. Nilisikia vizuri. Nilikuwa bado nasikia wakati sikio linaanza kuvuma. Akaomba radhi, akapunguza kasi bila kuambiwa, akaja tena na tena mpaka nikaweza kuzuia. Nadhani alikuwa amechoka.

Kassiani akanipakia bure mpaka duka la dawa. Hakucheka hata kidogo. Hilo ndilo linaloudhi kwa mtu yule.

Bibiana akaniuliza sikio limefanya nini. Nikasema kuna mwanafunzi mmoja, mama mtu mzima, nilimwachia anipige ili apate moyo. Akanisafisha taratibu kwa pamba, akasema mwalimu mwenye subira ni nadra. Niliona haya. Kisha nikaona raha. Raha ilikaa muda mrefu zaidi.

Alhamisi, 17 Julai

Hakuna mazoezi. Lakini ni siku kubwa!

Nilikuwa nimejibanza sokoni karibu na duka la Bi Zubeda, kumsoma udhaifu. Mteja kashika kitenge, wako katikati ya kuvutana bei. Akapita kijana mmoja akasema shikamoo. Bi Zubeda akaacha bei, akaacha kitenge, akageuka mwili mzima, mikono chini, akaitika marahaba. Akamuuliza za nyumbani, za mama, za mifugo. Mteja kasubiri. Kitenge kimeanguka. Hajali!

Nikaelewa. Mwanamke yule ana adabu, na salamu kwake haingoji. Hatua ya nne, katikati ya ngumi, nitasema shikamoo. Mikono itashuka. Nitaingia.

Usiku nimefanya mazoezi chumbani. Shikamoo, ngumi. Shikamoo, ngumi. Mzee Lyamba wa chumba cha pili kaitika marahaba kila mara kupitia ukutani. Mwishowe kaniuliza nina shida gani.

Ijumaa, 18 Julai

Hatua ya tatu, ngumi bila kutaja. Nikaijaribu mara moja tu. Shikamoo, mama! Mikono ikashuka, uso ukachangamka. Marahaba mwanangu. Akataka kujua kama mama yangu hajambo huko Mwese, na kama barabara ya kule imetengenezwa. Nikamgusa kofia ya kinga, puu, kidogo tu.

Akanitazama kwa muda, kama anayekagua kitenge chenye kasoro. Kisha akasema ni vizuri, vijana wa siku hizi hawasalimii.

Kassiani akaniuliza, kwa heshima zake zile, kama sikumsalimia mama mlangoni tulipoingia. Wivu.

Jumamosi, 19 Julai

Naandika kwa jicho moja. Jingine limefumba.

Bibiana alikuja mapema, akakaa mbele kabisa. Zamu yetu ikafika. Tukazunguka. Shikamoo nilikuwa nayo kwenye ncha ya ulimi, nasubiri tu avute pumzi. Sekunde moja zaidi na ningeshinda!

Ndipo Bi Zubeda, kutoka nyuma ya glovu zake, akaniuliza kwa sauti tamu: Oswaldi mwanangu, hujambo?

Mikono ilishuka yenyewe. Magoti yalijikunja yenyewe. Nikajisikia nikisema sijambo, shikamoo mama. Nilikuwa nimeinama kabisa, kama nilivyolelewa. Glovu ikaja, nami nikakaa chini. Hapo ndipo alipoitika marahaba, kwa ukamilifu, akanipa mkono niinuke.

Mwalimu kamchagua yeye. Kasema wiki nzima Bi Zubeda alitaja mkono wa kweli, alikuja kwa kasi ninayoiweza, na nilipoanguka aliningoja. Kassiani alikuwa wa kwanza kupiga makofi. Mimi narudishwa hatua ya kwanza, pamoja na wageni.

Bibiana akanifuata. Nikaanza kueleza. Akanizuia, akasema Bi Zubeda ni mteja wake, ameujua ukweli tangu juzi. Hakuwa na hasira. Aliuliza tu kwa nini. Nikamwambia nilitaka anitazame kama siku ile ya dawa ya kikohozi. Akacheka, akatazama chini, akasema siku ile angenitazama vile vile hata bila cheo. Nilitamani kulia. Jicho zima lilitoa machozi kidogo.

Kisha Mwalimu akapanga wageni wawili wawili. Mimi na Bibiana! Bibiana akaniomba kitu kimoja tu: nikisema kulia, iwe kulia. Nikaapa mbele ya Bi Zubeda.

Jumapili, 20 Julai

Nimeshinda nyumbani nikitafakari. Wiki imenifundisha mengi. Udanganyifu ni mbaya. Bibiana ni dada wa pekee, na kiapo ni kiapo. Nikisema kulia, itakuwa kulia.

Lakini haipendezi aniweke moyoni kama mtu wa hatua ya kwanza. Nimefikiria tu, sijaamua. Bibiana ana tabia moja: simu ikiita lazima aitazame, hata kama anahudumia mgonjwa. Nikimgusa begani wakati huo, kidogo, kiheshima, ataona kwamba kumbe ninayo kasi. Na mkono utakuwa wa kulia, kama nilivyoapa.

Mzee Lyamba amekubali kumpigia simu kesho jioni. Nimemwambia ni mambo ya kazi. Simu ya Bibiana ipo hapa mezani, nitamrudishia mlangoni kabla hatujaanza. Spika nimeshaipuliza vumbi. Inasikika mpaka mtaa wa pili.