Helikopta Kwenye Jalada

Jumatatu, 7 Oktoba

Siku nane kabla ya uchaguzi wa klabu. Mimi, Lyle Pruett, mwalimu mstaafu wa jiometri, ni mwenyekiti wa Klabu ya Vitabu ya Maktaba ya Port Harlan, mwaka wa tisa sasa. Nina ufunguo wa chumba. Nina kiti chenye mikono. Sina cheo kingine duniani, na hiki sikiachii.

Tatizo ni kitabu cha mwezi huu, Nyambizi Haipigi Hodi. Kurasa mia tano na kumi na mbili za makombora na wanaume wenye taya pana. Nchi nzima inakisoma. Mji wetu, unaoishi kwa kambi ya nyambizi tangu kabla sijazaliwa, umegawanyika katikati, na klabu vilevile. Wanachama kumi na mmoja: watano wanakipenda, watano wanakichukia. Wa kumi na moja ni mimi, ambaye sijakisoma.

Mke wangu Marlys, mwanachama pia, amekisoma mara mbili. Anasema tukisome pamoja, sura mbili kila asubuhi na kahawa. Nimemwambia mwenyekiti hafundishwi nyumbani. Nimetazama jalada kwa makini: nyambizi imeibuka, helikopta iko juu yake, moshi nyuma. Yatosha.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimekutana na Doreen Vukovich kwenye duka la mikate. Doreen anaongoza wanaokichukia, na anakitaka kiti changu. Miaka thelathini amechomelea nyambizi gatini. Alinishika kifungo cha koti akaniuliza ni nahodha gani mwenye akili timamu anayefungua mlango chini ya maji ili apunge hewa. Alisema mwandishi hajawahi kugusa nyambizi hata ya kuchezea bafuni. Nikamwambia umenena.

Kutoka pale nikaenda dukani kwa Gus Tannehill, muuza ndoano, kiongozi wa wanaokipenda. Alisema Doreen amezoea kutafuta nyufa, sasa hata hadithi anaipiga tochi. Alisema mtu anasoma ili moyo umdunde, si ili akague bomba. Nikamwambia umenena.

Kambi mbili, zote mfukoni! Na bado saa nne asubuhi.

Alhamisi, 10 Oktoba

Wazo kubwa. Kila kambi inasoma maoni ya wasomaji mtandaoni na kuyarusha usoni mwa kambi nyingine. Basi nikawaandikia silaha, maoni mawili ya kubuni, kila kambi lake, wachoke wenyewe na wamkumbuke mtu wa katikati.

La kwanza, nyota tano, kwa jina la "Baharia Mkweli": kitabu cha karne, hasa pale helikopta inapotua juu ya nyambizi, nililia. La pili, nyota moja, kwa jina la "Mama wa Mabaharia": upuuzi mtupu, hasa pale helikopta inapotua juu ya nyambizi, nilicheka.

Kazi ya dakika kumi. Waandishi hujifanya ni jambo gumu.

Jumamosi, 12 Oktoba

Maoni yangu yamefika mjini. Gus amemchapisha Baharia Mkweli na kumbandika juu ya mashine yake ya kahawa. Alinong'ona tu kwamba hiyo helikopta haikumbuki, labda alisinzia ukurasa huo. Doreen naye anamsifu Mama wa Mabaharia, ila anasema helikopta haikumbuki, labda aliruka sura kwa hasira. Watu siku hizi hawasomi kwa makini.

Nilimuuliza Marlys klabu inasemaje. Akaniuliza helikopta gani. Nikakumbuka kuna majani ya kufagia uani.

Bado Chifu Stenmark. Tunamwita Chifu kwa cheo chake cha jeshi la majini. Miaka ishirini na sita ndani ya nyambizi. Anaketi na wanaokipenda lakini hajasema kwa nini, na akiinua mkono wenzake wote waliovaa sare huinua. Kikombe chake cha kahawa huning'inia kwenye msumari katika chumba cha klabu. Ndani ni cheusi tititi, aibu tupu. Kwa kuwa nina ufunguo, leo nimeingia na sufuria ya maji moto, magadi na waya wa kusugulia. Saa nzima. Sasa kinang'aa mpaka unajiona pua. Nikaacha na kikaratasi: Kwa heshima, Mwenyekiti.

Jumatatu, 14 Oktoba

Msiba. Chifu amekuja maktabani kupanga viti, akakishika kikombe, akakitazama ndani muda mrefu, akakirudisha msumarini na kwenda zake. Doreen ndiye aliyenieleza, akiwa na furaha isiyofichika. Kumbe mabaharia wa cheo chake hawaoshi kikombe cha kahawa. Hawakioshi kamwe. Ule weusi ni miaka yake ya kazi, na mimi nimeisugua yote kwa magadi.

Nilisema huenda ni Gus. Doreen akasema kila mtu katika klabu hii amevaa sare, au amezaliwa na aliyevaa au kuolewa naye, au amewachomelea chombo chao. Mtu mmoja tu mjini angeosha kikombe kile. Pia alikuwa na kikaratasi changu mkononi.

Nimechemsha kahawa ndani yake mara saba. Kimekuwa rangi ya karoti.

Jumanne, 15 Oktoba

Nitaandika haraka kabla sijajifariji mwenyewe.

Mkutano ulianza kwa mabomu. Doreen na mlango wake, Gus na moyo wake. Doreen akamuuliza Chifu, yeye aliyekaa kule chini kweli, anawezaje kuvumilia takataka hii.

Chifu akasema milango yote ni uongo, makombora yote ni uongo. Lakini ukurasa wa mia tatu na nane kijana anashuka gatini baada ya siku sabini na kuambiwa baba yake alizikwa wiki ya pili. Alisema mkiwa chini hamwambiwi habari za kifo. Huwekwa mpaka mrudi. Yeye alishuka akitafuta uso wa mama yake kati ya waliokuja kuwapokea, akamwona padri. Hajawahi kumsimulia mtu yeyote. Kisha akayakuta yaleyale kwenye kitabu chenye jalada baya vile.

Doreen akavua miwani, akasema basi ukurasa huo ni kweli, Chifu, huo nauacha. Gus akakubali kwamba mlango ule hata yeye ulimtia mashaka. Kambi zilikuwa zinaungana mbele ya macho yangu, bila mimi! Ningenyamaza tu ningekuwa mwenyekiti mpaka nife.

Nikasimama. Nikasema kwa sauti nzito kwamba hayo ndiyo niliyoyahisi mimi mwenyewe helikopta ilipotua juu ya nyambizi.

Gus akageuka. Doreen akageuka. Doreen akatoa mkobani maoni yake ya nyota moja, Gus akatoa yake ya nyota tano, wakayaweka mezani ubavu kwa ubavu, wakasoma. Marlys akasema taratibu kwamba katika kitabu kizima hakuna helikopta. Ipo kwenye jalada tu.

Kura: Doreen kumi, mimi moja. Marlys aliinua mkono kabla hata hawajamaliza kuuliza.

Chifu alinipita mlangoni. Akasema, "Mwalimu, weusi utarudi. Miaka ishirini na sita tu." Sijui kama huo ni msamaha.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nimerudisha ufunguo. Kazi yangu mpya ni kuchemsha kahawa na kutogusa vikombe.

Kitabu cha mwezi ujao ni vita vya milimani, kurasa mia saba. Marlys ameniwekea nakala karibu na kahawa na kusema tuanze, sura mbili tu. Uso wake ulikuwa mwema kabisa. Nimemwambia sina nafasi, nina kazi ya kuandika.

Nimejifunza, lakini. Kosa langu lilikuwa haraka. Safari hii nimetazama jalada la mbele na la nyuma pia. Mbele kuna nyumbu wa kubeba mizigo. Nyuma kuna nyumbu yuleyule. Hapo hakuna wa kunibishia.

Nyota tano: "Sitamsahau yule nyumbu."