Kochi la Dada na Fomu Mbili

Jumatatu, 6 Oktoba
Shemeji kaamka na utepe wa kupimia. Kapima kochi ninalolalia, nami nikiwa juu yake! Kisha akamwambia dada kwamba kitanda cha mtoto kitatosha papo hapo. Mtoto mwenyewe hajazaliwa, keshaninyang'anya makazi. Dada kaniomba kwa upole nihame kabla ya mwisho wa mwezi. Alipogeuka nikamwona anafuta macho. Miezi minane ananilisha, hajanisimanga hata siku moja. Basi, nitafute kazi na chumba. Nimeapa.

Jumanne, 7 Oktoba
Chumba nimekiona! Madirisha mawili, bomba ndani, mlango unaofungika. Mwenye nyumba ni mama mmoja wa miwani, hana mzaha. Ana utaratibu wake: kodi ni theluthi ya mshahara wako, hata uwe nani. Na kelele za watoto hataki kabisa. Kanipa fomu. Hapo akili ikachemka. Mshahara mdogo, kodi ndogo! Nikaandika laki mbili. Kweli yenyewe sipati hata senti, ila sifuri ingemtia wasiwasi. Akasoma, akasema pole mwanangu. Nikaona aibu kwa dakika mbili hivi.

Jumatano, 8 Oktoba
Kiwanda cha magodoro kinatafuta karani wa ghala. Mlinzi wa getini, asiyepitwa na habari, kaninong'oneza kwamba pale wanauliza unalipwa ngapi sasa, halafu wanakuongezea kidogo. Nikajaza laki nane. Ile nane nikaikoleza. Jamaa wa tai nyekundu akachungulia, akajiandikia laki tisa. Mwizi mkubwa! Baadaye tukapewa mtihani wa kuhesabu mizigo. Huo niliufanya kwa raha zangu.

Alhamisi, 9 Oktoba
Usaili. Suruali ya shemeji, kiunoni pini tatu. Ndani watu watatu. Wa katikati, mhasibu mkuu, kainamia fomu yangu. Akainua uso. Miwani ile ile! Mama mwenye nyumba! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Akaniuliza, taratibu, laki mbili za juzi zimekuwaje nane jana. Nikasema nimepandishwa cheo. Akauliza cheo gani. Nikakohoa. Wenzake walicheka mpaka mmoja akatoka nje.

Yeye hakucheka. Alinifuata koridoni akaniuliza ninalala wapi. Sijui nilipatwa na nini, nikamwaga yote: kochi, dada, kitanda cha mtoto. Machozi yakanitoka, sifichi. Akafungua mkoba, akanipa fomu mbili mpya, ya kazi na ya chumba. Kumbe mtihani nimewashinda wote, hata tai nyekundu! Akasema ghalani wanaandika kilichopo, si wanachotamani. Fomu zote mbili ziseme kitu kimoja, cha kweli, nimpelekee Jumatatu. Kazi ipo na chumba kipo.

Jumapili, 12 Oktoba
Dada kafurahi mpaka kaimba jikoni. Kaniomba azipitie fomu kabla sijazifunga. Nimemkatalia, mimi si mtoto. Mshahara wa sasa nimeandika sifuri. Kwenye zote mbili! Na sifuri nimezikoleza. Mimi sasa ni mtu mpya kabisa.

Kisha likaja swali la watoto. Mlinzi aliwahi kuniambia kiwandani wenye watoto huongezewa posho ya nyumba. Nikaandika wanne, wawili mapacha. Kwenye fomu ya chumba, kwa kuwa mama hapendi kelele, nikaandika sina. Lakini mshahara ni sifuri kwa sifuri, hapo hanipati ng'o!

Nimemwambia shemeji alete kitanda cha mtoto kesho asubuhi, kochi limeshakuwa huru. Fomu zote mbili nimezitia kwenye bahasha moja, nisimsumbue mama wa watu kufungua mara mbili.