Mara Kumi na Mbili

Jumatatu, 6 Machi
Nimeijua siri ya mashine mpya ya karata! Wajinga wote pale ukumbi wa kamari wanaicheza kama ile ya zamani. Hii ukishinda, hata kwa jozi tu, karata mbili zinazolingana, inakuwekea kizidishi cha malipo kwa mchezo unaofuata: mara mbili, mara nne, mpaka mara kumi na mbili. Ukishindwa, kinapotea. Kwa hiyo dawa si kuwinda donge nono. Dawa ni kushinda kidogo kidogo, kizidishi kikue. Nimemweleza Shemeji, kaka wa mke wangu. Akasema anajua. Hajui kitu.

Kibanda nimefunga mapema. Saa zenyewe nani anatengeneza siku hizi?

Jumanne, 7 Machi
Nimeinuka kwenda msalani, nikaacha mara nne inawaka. Kurudi, Shemeji yuko kwenye kiti changu, meno yote nje. Eti kizidishi ni cha aliyekaa, si cha anayekwenda kukojoa. Kikulacho ki nguoni mwako! Kuanzia leo sinywi maji.

Jumatano, 8 Machi
Mama mkwe kapasuliwa jicho. Anaruhusiwa kesho alasiri. Mke wangu yuko zamu dukani, kaniomba nikamchukue. Nimeapa. Nampenda yule mama. Katika ukoo mzima ndiye pekee anayecheka mizaha yangu.

Alhamisi, 9 Machi
Siku ya nuksi. Nilipita ukumbini mara moja tu, hospitali iko njia hiyohiyo. Mara kumi na mbili ikawaka! Lakini jozi iliyoiwasha imelipa kidogo, haitoshi dau linalofuata, na mfukoni sina hata senti. Shemeji kasimama nyuma yangu, pesa mkononi, hakopeshi. Anangoja niinuke. Nikampigia mteja aje alipie saa yake. Akasema yuko njiani. Njia gani hiyo!

Shemeji akanikumbusha kwamba mama anasubiri. Nikamwambia huyo ni mama yako wewe, mimi ni mkwe tu. Akasema aliyetumwa ni mimi. Hakuna aliyesogea.

Mteja kaja jua linazama. Nikacheza. Wafalme wawili! Na kopa nne, mmoja wa wafalme akiwemo. Jozi ilikuwa ushindi wa mkononi. Lakini mara kumi na mbili uipoteze kwa jozi? Nikamtupa mfalme wa pili, nikaomba kopa ya tano, maana kopa tano ndilo donge nono.

Ikaja shupaza.

Nyumbani nimemkuta mama kakaa kitandani. Katembea peke yake, jicho moja na bandeji, akipapasa kuta. Goti limechubuka. Mke wangu hakupiga kelele. Heri angepiga.

Ijumaa, 10 Machi
Shemeji kafika na matunda, mpole kama malaika. Kawaambia alidhani mimi nimeshakwenda. Nikajaribu mzaha kidogo. Mama akageukia ukutani.

Mke wangu amefungasha. Anakwenda kumuuguza mama kwao. Nimeuliza nije lini kumchukua. Akasema nisihangaike, kuchukua watu si kazi yangu.

Jumapili, 12 Machi
Nyumba kimya. Nimekula mkate mkavu nimesimama. Nimejihoji bila kujionea huruma, na kosa nimeliona. Alhamisi nilicheza moyo ukiwa hospitali. Mtu mwenye haraka hawezi kuomba kopa kwa utulivu. Sasa hakuna anayeningoja popote.

Kesho wakifungua tu, kiti ni changu.