Mwenyeji Halisi wa Sombetini

Jumatatu, 16 Juni 2025
Supamaketi mpya ya wageni imenimaliza. Leo nimeuza kiberiti na chumvi, basi! Mke wangu Agnela anasema hali ikiwa hivi tufunge duka, turudi kwetu Machame tukapalilie migomba. Bora nife! Ila akili ninayo. Nimetangaza kwenye grupu la wafanyabiashara wa mtaa wetu, Sombetini: wiki nzima nitakula na kununua kwa wenyeji tu. Jumamosi kikao kipitishe kila mwanachama afanye hivyo. Supamaketi kwisha! Vaileth wa genge la jirani akauliza mwenyeji ni nani. Nikamjibu palepale: aliyezaliwa Arusha. Mama huyu hajawahi kunipenda.

Jumanne, 17 Juni
Njaa. Chapati za Mama Brightness sikugusa, kumbe ni wa Singida. Bodaboda wa kijiweni wote wa Kondoa. Nikatembea hadi kibanda cha chakula cha Sakaya, Mwarusha asiyetiliwa shaka, nikala loshoro. Mahindi na maziwa mgando, asubuhi, na baridi hii ya Juni! Tumbo limenguruma hadi jioni. Vaileth ananichungulia kutwa, anangoja niteleze.

Alhamisi, 19 Juni
Kitasa cha duka kimekufa. Vitasa viko kwa Nazir, Mhindi muuza vifaa vya ujenzi. Nikasimama mbele ya duka lake, nikatangaza kwamba sinunui kwa wageni. Nazir akatoka taratibu, akanisalimu, akasema yeye, baba yake na babu yake wote wamezaliwa hapa. Kisha akamgeukia Sakaya, aliyekuja kununua misumari, wakaongea Kimaa wakacheka. Sikuelewa hata neno. Nikaona haya kununua baada ya tangazo lile, nimefunga mlango kwa kamba. Naogopa wezi.

Jumamosi, 21 Juni
Kikao. Azimio likapita, mikono yote juu! Likaandikwa, likagongwa muhuri. Nikasimama kushukuru. Vaileth akaomba nafasi, mpole kama mtu wa kwaya.

“Mangi,” akasema, “wewe ulizaliwa wapi?”

Miaka kumi na tisa mtaa mzima unaniita Mangi, kama aitwavyo kila Mchagga mwenye duka, nami naitika. Machame, Kilimanjaro, nikasema kwa sauti ya chini.

Basi kuanzia Jumatatu hakuna mwanachama anayeruhusiwa kununua kwangu. Nimeaibika, sijawahi kuaibika hivi. Agnela, mzaliwa wa Makumira, hapa hapa Arusha, ameniuliza kama bado anaruhusiwa kuchukua sukari dukani. Hakuwa anatania.

Jumapili, 22 Juni
Dawa imepatikana! Azimio linasema “aliyezaliwa Arusha”. Halikusema mara ya ngapi. Wiki ijayo kuna mkutano wa injili kwenye uwanja wa mtaa. Mimi ni Mlutheri tangu kwa babu, lakini nitapanda jukwaani, niokoke, nizaliwe mara ya pili hapa hapa Sombetini, Vaileth akiona. Agnela ameshika kichwa. Wivu tu. Kesho asubuhi naenda kumwona mchungaji, nijue kama anatoa cheti cha kuzaliwa.