Kilima Kilichoota Sebuleni Kwetu

Ndugu Mkuu wa Idara ya Upimaji,

Yah: Ombi la kuondolewa kilima

Nakusalimu kwa heshima nikiwa nimekaa juu ya meza, kwa sababu viti vimeanza kuelea. Ramani yenu mpya ya kompyuta, ile ya miinuko na mabonde, inaonyesha kwamba nyumba yetu iko kilimani. Malalamiko yetu ni haya:

1. Siku mpimaji wenu alipokuja, ua ulikuwa umejaa maji. Hakutaka kulowa. Alipanda juu ya tangi letu, akasimamisha fimbo yake ya kupimia hapo, akaandika kimo cha tangi kuwa ndicho kimo cha ardhi. Mama mkwe alimpigia kelele dirishani: "Mwanangu, hiyo si ardhi, ni tangi!" Akajibu, "Usijali mama, kompyuta itajua yenyewe." Kompyuta haikujua. Iliunganisha nukta hiyo na za majirani kwa mteremko mzuri sana, kilima kikazaliwa.

2. Jumatatu mtaro wa maji ya mvua utaanza kuchimbwa kwa kufuata ramani hiyo. Kwenye mchoro unakuja vizuri mpaka kwa fundi cherehani, jirani yetu, kisha unakata kona na kutuzunguka kama mtu anayemkwepa mkwewe. Nilipouliza, karani wenu alicheka: "Mzee, umewahi kuona maji yakipanda mlima?" Nimeona. Njoo sebuleni.

3. Fundi cherehani anadai vitambaa vyake vimeloweshwa na maji yaliyoteremka kutoka kwetu. Nikimwonyesha maji, ananionyesha ramani. Wahenga walisema milima haikutani ila binadamu hukutana. Kwetu mlima umefika, binadamu ndio hawasalimiani.

4. Mama mkwe, ambaye kitanda chake kimeinuliwa kwa matofali, anauliza kama kilima ni chetu kisheria. Kama ni chetu, anaomba apewe upande wa kileleni, akalale pakavu.

Kwa hiyo tunaomba mkifute kilima kabla ya Jumatatu. Ikishindikana, kileteni chenyewe kwa lori, tutakipokea kwa mikono miwili. Na hilo likiwa gumu, mtumeni ofisa aje ayasomee maji ramani, kwa sauti, yajue kwamba hayaruhusiwi kuwa hapa.

Wasalimie wote ofisini, na wa mabondeni pia.

Ni mimi mwananchi mtiifu,
Baba wa Kilimani (jina nililopewa mtaani wiki hii)

N.B. Kabla sijafunga bahasha, amekuja mpimaji mwingine kupima upya. Huyu hana makuu: ameingia majini na viatu vyake, akasimamisha fimbo chini kabisa, ndani ya shimo tulilochimba la kukingia maji. Ramani imebadilika papo hapo. Sasa sisi ndio bonde lenye kina kuliko yote, na mtaro wa mtaa mzima umeelekezwa umwage maji sebuleni. Tafadhali ichane barua hii. Tunakitaka kilima chetu.